Msalaba Usiohama

Kwenye uwanja wa Stickledown, huko Bisley kusini mwa Uingereza, mpiga shabaha hulala kifudifudi na kulenga bango lililo umbali wa yadi 1,000, ambazo ni mita 914. Bango lenyewe ni kubwa kuliko mlango wa nyumba, lakini kwa macho matupu huwa kidoa tu kilichobandikwa juu ya tuta. Duara la ndani kabisa, ambalo ndilo mpigaji wa daraja la F, anayetumia darubini, analolitafuta, lina kipenyo cha takriban sentimita 13. Linalolizunguka lina takriban sentimita 25. Katika mashindano mengi hupewa risasi 2 za majaribio, kisha 15 au 20 za kuhesabiwa alama, na saa haimsubiri.

Risasi ya tatu inatua kiganja kizima kushoto kwa pale alipolenga. Nini kimetokea? Huenda upepo umegeuka bendera za mbali zikiwa bado hazijaonyesha. Huenda ni pumzi yake, au bega, au baruti. Na huenda darubini iliyofungwa juu ya bunduki imehama kwa kiasi ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona. Kwenye bango makosa hayo yote yana sura moja, na mpigaji ana sekunde chache za kuamua atarekebisha nini. Akirekebisha upepo ambao haukubadilika, atakuwa ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba anayenunua darubini ya shabaha za mbali aanze na swali moja: je, msalaba wa kulengea utabaki pale alipouacha? Uangavu wa vioo, ukuzaji, jina la kampuni na rangi ya bomba vije baadaye. Wauzaji huanza na ukuzaji kwa kuwa ndicho kitu mteja anachoweza kukiona akiwa dukani. Uthabiti hauonekani dukani, na hapo ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi.

Daraja la F lenyewe limezaliwa na uzee wa macho. Mashindano makuu ya bunduki ya Uingereza yalianza Wimbledon mwaka 1860, Malkia Victoria akifyatua risasi ya kwanza, na yakahamia Bisley mwaka 1890. Kwa desturi yake, tuzo kuu hushindaniwa bila darubini: mpigaji huchungulia tundu dogo la nyuma na kulilinganisha na pete ya mbele. Hata katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, kabla ulengaji shabaha haujaachwa nje ya ratiba ya Birmingham mwaka 2022, bunduki kubwa zilipigwa kwa matundu hayo hayo. Lakini tundu linahitaji jicho zima. Mkanada George Farquharson aliona wapigaji hodari wakiacha mchezo kwa sababu ya macho na viungo vilivyochoka, akapendekeza daraja la kupiga kwa darubini huku bunduki ikiegemezwa. Herufi F ni ya jina lake. Leo daraja hilo lina mashindano ya dunia, na Bloemfontein, Afrika Kusini, imeyapokea mara mbili, mwaka 2005 na 2023.

Kanuni za daraja hilo zinagusa uchaguzi wa darubini moja kwa moja. Katika tawi la bunduki za kaliba za .223 na .308 zenye miguu miwili ya mbele, bunduki pamoja na kila kilichofungwa juu yake haipaswi kuzidi kilo 8.25. Katika tawi la wazi kikomo ni kilo 10. Gramu 300 za ziada kwenye darubini ni gramu 300 zinazokatwa kwenye mtutu, na mtutu mzito hupata moto polepole na kutulia zaidi. Mnunuzi anayedhani kwamba darubini nzito ndiyo ngumu anajinyima mahali ambapo uzito ungemfaa.

Tuingie ndani ya bomba. Ndani ya darubini kuna bomba jingine, dogo, lililobeba lenzi zinazoigeuza taswira isimame wima. Nyuma limeshikwa na kiungo kinachoruhusu kucheza kidogo. Mbele limelala juu ya ncha za skrubu mbili, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia, na springi ya upande wa pili inalisukuma lisiachane na skrubu hizo. Ukizungusha kifundo cha juu unasikia kliki; skrubu imesogea, na bomba dogo limeinama. Darubini nyingi za shabaha husogea robo au moja ya nane ya dakika ya pembe kwa kila kliki. Kwenye yadi 1,000, moja ya nane ya dakika ni kama sentimita 3.3.

Tuitazame kliki hiyo kutoka ndani. Chukua darubini ambayo lenzi yake ya mbele ina umbali wa fokasi wa milimita 200. Moja ya nane ya dakika ya pembe, kwa darubini hiyo, ni msogeo wa milimita 0.007. Unywele wa mtu una unene wa karibu mara kumi ya hapo. Sasa fikiria kwamba springi imelegea, au kiungo cha nyuma kimechakaa, na bomba dogo limehama kwa milimita 0.03 tu. Kule kwenye bango risasi itakuwa imehama karibu sentimita 14, yaani imetoka katikati kabisa ikavuka ukingo wa duara la pili. Kila nikiirudia hesabu hii naona jinsi tunavyokitaka kifaa hiki kifanye jambo gumu: kishike vioo vyake kwa usahihi wa sehemu za mia za milimita, halafu kipigwe teke, tena na tena, msimu baada ya msimu.

Na teke lenyewe si dogo. Ndani ya chumba cha bunduki ya .308 shinikizo hupanda hadi karibu megapaskali 400. Likifanya kazi kwenye eneo la mtutu, ambalo ni kama milimita za mraba 48, linaleta nguvu ya niutoni 19,000 hivi. Igawe kwa bunduki ya kilo 8.25 na utapata mchapuko unaozidi mara 230 ya uvutano wa dunia. Kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, darubini ya gramu 800 hushikiliwa na pete zake kana kwamba ina uzito wa kilo 190. Bega la mpigaji halihisi hivyo kwa sababu bega husukumwa polepole, bunduki ikiwa tayari imeanza kurudi. Darubini haina bega la kupunguzia pigo.

Ajabu ni kwamba adui mkubwa wa darubini ni bunduki ndogo kabisa: ile ya upepo inayotumia springi. Pistoni yake inapoanza safari, bunduki hurudi nyuma. Inapogota mwisho wa silinda, bunduki huruka mbele. Darubini iliyotengenezwa ihimili pigo la upande mmoja hukuta sehemu zake zikivutwa upande usiotarajiwa, na nyingi zimekufa hivyo kwa watu waliodhani bunduki ya upepo haina nguvu. Kizuia teke kinachofungwa mdomoni mwa mtutu nacho huibana bunduki isirudi kwa kuivuta mbele ghafla. Ukiwa nacho, muulize muuzaji kama darubini imepimwa kwa mapigo ya pande zote mbili. Kampuni makini hujibu swali hilo bila kusita. Leupold ya Oregon inaeleza kwamba miundo yake hupitishwa kwenye mashine inayoipiga mara 5,000, kila pigo likiwa mara tatu ya teke la bunduki ya .308.

Kuna wakati wabunifu walilikwepa tatizo hili kabisa. John Unertl wa Pittsburgh alitengeneza darubini ndefu, nyembamba, ambazo ndani hazikuwa na kitu cha kusogezwa. Marekebisho yote yalikuwa nje, kwenye vishikio vyenye skrubu za mikromita, na bomba zima liliachwa liteleze kwenye vishikio bunduki ilipopiga teke. Askari wa majini wa Marekani waliitumia ile ya ukuzaji wa mara 8 katika Vita Kuu ya Pili, na mpigaji alilazimika kuirudisha nyuma kwa mkono baada ya risasi. Ilikuwa na usumbufu wake, na vumbi liliipenda. Lakini wazo lilikuwa sahihi, na halijafa: wapigaji wa mezani huko Marekani, wanaoshindania vikundi vya risasi vidogo mno, wamewahi kuzigandisha kwa gundi sehemu za ndani za darubini za kisasa na kurudisha marekebisho kwenye vishikio vya nje. Mtu hagandishi kifaa cha bei kubwa kwa mchezo. Walifanya hivyo baada ya kuthibitisha kwamba darubini zao, zile zile zilizosifiwa sana, zilikuwa zinahama.

Ugumu dhidi ya maji na ukungu ni suala lililokwisha kupatiwa ufumbuzi, kwa hiyo sitalikalia sana. Marcus Leupold alimkosa mnyama porini kwa sababu darubini yake ilijaa ukungu ndani, akaapa kwamba angeweza kutengeneza iliyo bora. Mwaka 1947 kampuni ya familia yake ikaanza kuuza darubini za bunduki. Leo hewa yenye unyevu huondolewa ndani ya bomba na nafasi yake kujazwa gesi kavu ya naitrojeni au agoni. Msomaji wa Mombasa, Tanga au Zanzibar mwenye darubini ya kutazamia ndege, au kamera iliyokaa kabatini masika yote, anajua kuvu linavyotambaa kwenye kioo. Anayetunza kifaa cha aina yoyote chenye lenzi pwani aangalie mihuri yake ya mpira kabla ya jambo jingine.

Vioo navyo, kwa shabaha za mbali, vina adui ambaye fedha hazimshindi. Ni mazigazi. Ardhi ikipata joto, hewa juu yake huchemka, na bango la mita 914 huanza kuogelea. Darubini ya ukuzaji wa mara 55 au 60 huyakuza mazigazi pamoja na bango. Adhuhuri kwenye uwanja wa nyasi kavu, wapigaji wazoefu hushuka hadi mara 30 au chini ya hapo, na huyasoma hayo mawimbi ya hewa ili yawaambie upepo unakokwenda. Kwa hiyo namwambia anayeanza: usiuze ng'ombe kwa ajili ya ukuzaji wa mara 60. Lenzi zenye mtawanyiko mdogo wa rangi zinasaidia kweli, na tofauti unaiona jioni baada ya saa nyingi za kuchungulia. Lakini nikilazimika kuchagua kati ya kioo kizuri sana chenye springi ya kutilia shaka, na kioo cha wastani kinachobaki mahali pake, nachukua cha wastani bila kujiuliza mara mbili.

Hapo ndipo darubini za ukuzaji usiobadilika zinapostahili kuangaliwa upya. Leupold imetengeneza za mara 36 kwa ajili ya wapigaji wa mezani, Weaver nayo ikawa na za mara 36, na Sightron ina ya mara 45. Hazina lenzi zinazosafiri huku na huku ndani ya bomba dogo mtumiaji anapobadili ukuzaji. Vipande vinavyosogea ni vichache, uzito ni mdogo, na bei mara nyingi iko chini. Udhaifu wake ni adhuhuri ile ya mazigazi, ambapo huwezi kushuka. Kwa mtu mwenye bajeti finyu bado naona ni chaguo la busara kuliko darubini ya bei hiyo hiyo inayojidai kutoka mara 10 hadi 50.

Sasa tufike kwenye kufunga, kwa maana darubini nyingi zinazoitwa mbovu zimeharibiwa na mikono ya wenyewe. Risasi ya .308 kwenye yadi 1,000 huhitaji msalaba uinuliwe takriban dakika 30 za pembe kuliko kwenye mita 100. Ukiifunga darubini kwenye reli iliyo bapa, dakika hizo zote zitalipeleka bomba dogo pembeni kabisa mwa nafasi yake, mahali ambapo springi imebaki na nguvu ndogo na taswira inapita mbali na kitovu cha lenzi. Reli yenye mwinamo wa dakika 20 hugharimu kidogo na hulirudisha bomba dogo karibu na katikati. Sijui fedha nyingine ndogo inayoongeza uhai wa darubini kuliko hiyo.

Pete ziwe za upana wa bomba lenyewe, iwe milimita 30 au 34, na zikae kwenye mstari mmoja. Pete mbili zilizopishana hulipinda bomba la nje hata kabla ya risasi ya kwanza. Skrubu zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Mtu anayekaza kwa hisia za kiganja huzidisha, bomba la alumini hubanwa, na vifundo huanza kuwa vigumu au ukuzaji kukwama. Kisha atumie timazi. Aning'inize uzi wenye uzito mbele, aulinganishe na mstari wa wima wa msalaba, na afunge pima maji ndogo juu ya darubini. Bunduki ikiinama digrii moja tu upande, zile dakika 30 za mwinuko huisukuma risasi karibu sentimita 14 kando kwenye yadi 1,000. Kosa hilo halina uhusiano wowote na ubora wa darubini, ila darubini ndiyo itakayolaumiwa.

Baada ya hapo ndipo upimaji unapoanza, na hapa naomba msomaji awe mvumilivu, kwa kuwa siku moja ya kupima inaokoa msimu mzima.

Weka bango refu kwenye mita 100 zilizopimwa kwa utepe, sio kwa hatua. Chora mstari wa wima kwa kufuata timazi. Piga risasi chache chini ya mstari. Panda dakika 30 kwa kuhesabu kliki, lenga pale pale chini, piga tena. Kundi la pili linapaswa kuwa sentimita 87.3 juu ya la kwanza, likiwa juu ya mstari. Likiwa juu kwa 85.5, darubini inasogea pungufu kwa asilimia mbili. Kwenye yadi 1,000 hiyo ni kama sentimita 16. Usikimbilie kuirudisha dukani. Kosa la asilimia mbili linalojirudia kila mara huandikwa kwenye daftari na kuingizwa kwenye hesabu. Rudi chini dakika zote 30, piga tena kundi la kwanza, kisha panda na kushuka mara kadhaa. Makundi ya chini yasipokutana, hakuna daftari litakalokusaidia, na darubini hiyo haifai kwa kazi hii hata ikiwa imetoka kiwandani jana.

Kipimo cha pili hakihitaji risasi. Ifunge bunduki imara, elekeza msalaba kwenye nukta ya mbali, zungusha kifundo kliki chache, angalia msalaba ulipo, kisha gonga bomba taratibu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Msalaba ukihama baada ya kugongwa, maana yake skrubu ilisogea lakini bomba dogo lilikuwa limekwama, na linasubiri teke la kwanza ndipo lifike linakotakiwa. Hiyo ndiyo darubini inayomfanya mpigaji aseme kwamba risasi ya kwanza baada ya kurekebisha haiaminiki.

Cha tatu ni cha wenye subira zaidi, na kinahitaji rafiki mwenye darubini ya pili. Zifungeni zote mbili sambamba kwenye reli pana juu ya bunduki moja, zielekezwe kwenye nukta moja. Piga risasi tano, chungulia zote. Misalaba ikitengana, moja kati ya hizo mbili imehama. Ipi? Ondoeni moja, wekeni ya tatu, rudieni. Mwenye hatia hujitokeza. Wanaofanya kazi hii kwa makini hugundua jambo linaloudhi wafanyabiashara: bei kubwa huongeza uwezekano wa kupata darubini thabiti, ila haimhakikishii mtu kwamba ile aliyoishika mkononi ni thabiti. Kila moja ipimwe kwa nafsi yake.

Tukija kwenye majina, Nightforce, iliyoanzishwa na daktari wa meno Mwaustralia na kuhamia Idaho, ina darubini ya mashindano ya mara 15 hadi 55 isiyofika gramu 800, yenye kliki za moja ya nane ya dakika. March hutoka Japani na huonekana sana kwenye viwanja vya daraja la F. Schmidt & Bender ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1957, imejenga sifa yake kwa wawindaji na majeshi. Zote ni ghali. Ningependa zaidi mnunuzi aulize mambo ambayo hayaandikwi kwenye kasha: ikiharibika inarudishwa wapi, inachukua muda gani, nani analipia usafirishaji, na je, dhamana inamfuata mnunuzi wa pili? Mpigaji wa Bloemfontein anayelazimika kuipeleka darubini bara jingine wiki chache kabla ya mashindano yuko mahali tofauti kabisa na yule wa Oregon anayeweza kuendesha gari hadi kiwandani.

Ya mitumba isikataliwe. Darubini iliyopigwa risasi elfu kadhaa na bado inarudi kwenye alama yake imekwisha kufaulu mtihani ambao mpya haijaukalia. Muombe muuzaji siku ya uwanjani badala ya picha. Tazama alama za pete kwenye bomba. Mikwaruzo ya juujuu haina shida, lakini mbonyeo unaoshikika kwa ukucha unaonyesha kwamba ilikazwa kupita kiasi au ilianguka. Zungusha vifundo mwanzo hadi mwisho na usikilize kama kliki zinafifia mahali fulani. Mulika tochi kupitia lenzi ya mbele utafute kuvu na chembe zilizolegea. Kisha toa uzi wa timazi na bango refu, na mpige risasi pamoja kabla fedha hazijabadilisha mikono.